Hesabu Ilitimia Bila Mimi

Mmeniuliza wote, kila mmoja kwa wakati wake. Wengine kwa foleni ya chai, wengine kwa mashine, na Mama Kevo akanifuata hadi choo cha wanawake. Jumatatu ulikuwa wapi? Mbona unachechemea? Nimekuwa nikijibu kwa kifupi kwa sababu kiwanda cha katoni si pahali pa kusimulia jambo refu, kelele ya mashine inameza nusu ya maneno. Basi nimeandika. Someni mkiwa nyumbani, na mkimaliza msinionee huruma. Huruma mlishanipa ya kutosha mlipoona goti langu.

Kuchagua mlima

Wengi wenu hamjui kwamba mimi hupanda milima. Mnanijua kama Mama Ivy wa Makongeni hapa Thika, yule Mluhya wa upande wa kupakia, ambaye watoto wake wamekua wakaenda zao. Nilianza miaka saba iliyopita pale Kilimambogo, siku kanisa letu lilipopanda kwenda kuomba. Katikati ya njia nilichoka nikakaa juu ya jiwe, kwaya ikanipita ikiimba. Mwanamke mmoja mnene akaja akaketi kando yangu, akamenya chungwa, akanipa nusu bila kuniuliza jina. Huyo ndiye Shiru, fundi wa nguo wa Gitothua, kule Ruiru. Tangu siku hiyo tulipanda pamoja kila tulipopata Jumapili, mimi na yeye tu.

Shiru alikuwa na njia yake ya kuchagua mlima. Hakuuliza urefu. Aliuliza ni nani hupanda huko, na hupanda siku gani. Longonot tusiende likizo ya shule, alisema, kwa sababu ule ukingo wa juu unajaa watoto na vumbi lao utalikohoa hadi Krismasi. Kilimambogo tuende msimu wa mvua, kwa sababu barabara yake inafika hadi juu, na jua likiwaka utatambaa kwa jasho masaa matatu ukute mtu ameshuka garini na viatu vya harusi. Na kama kilele kimejaa, Shiru hakugombania nafasi. Tuliteremka kidogo, tukatafuta pahali penye nyasi, tukala viazi vitamu vyetu tukiangalia chini, tukasema tumefika. Alikuwa akisema, "Kwani nani atatuuliza?"

Mwaka juzi binti yake aliye Kanada alijifungua. Shiru akaenda kumsaidia kwa miezi sita, na hajarudi. Mwanzoni tulipigiana simu kila Jumapili. Sasa ananitumia picha ya mtoto nami namwekea alama ya moyo. Yeye akiamka, mimi nishatoka kazini nimechoka hata kuongea sitaki.

Nilikaa zaidi ya mwaka bila kupanda chochote isipokuwa ngazi za kiwanda. Kisha mwezi jana, Jumapili moja baada ya kanisa, nilijikuta nimekaa kitandani na viatu vya mlima mguuni, sijui nilivivaa saa ngapi. Nikaona hii sasa ni hatari. Nikachagua Elephant Hill, mlima ulio juu ya Njabini, katika milima ya Aberdare, ambao ukiuangalia kutoka mbali una mgongo kama wa ndovu. Nilikuwa nimesikia ni mgumu, kwamba watu hulia njiani. Nikajiambia, pahali pagumu hapana watu. Nitafika juu, nitakaa kimya, nitakula viazi vyangu.

Lakini msituni huruhusiwi kuingia peke yako. Kwa hivyo ili niende kuwa peke yangu, ilibidi nijiunge na kikundi.

Ruiru, kurudi nyuma ili niende mbele

Kikundi kilisema tukutane Ruiru Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Nikatoka Makongeni bado giza, nikafika Ruiru mapema mno. Kwa kuwa nilikuwa na wakati, nikatembea hadi Gitothua, nikapita kwa mlango wa Shiru. Pale alipokuwa na cherehani yake sasa wanauza mitungi ya gesi. Mlango ulikuwa umefungwa, mitungi imefungwa mnyororo kama mbuzi. Nilisimama hapo kidogo. Mlinzi wa duka la pili akaniuliza kama nataka gesi ya kilo sita, nikasema hapana, nikaenda zangu.

Basi lenyewe lilikuja saa moja na nusu, na hata lilipokuja hatukuondoka. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa njiani, na kila tukipiga simu alikuwa amefika hapo karibu. Nikanunua chai na ngumu mbili, yale mandazi magumu, kwa mama mmoja aliyekuwa na birika kando ya barabara. Aliniangalia viatu, akaniuliza kama naenda mazishi ya mbali. Nikamwambia naenda kupanda mlima. Akauliza nani amenituma. Nikamlipa chai yake.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mrefu anayeitwa Brayo, mpole, mwenye haraka. Watu wa kikundi chake wote walikuwa na fulana za rangi ya machungwa. Yangu haikupatikana, saizi yangu ilikuwa imeisha. Akaniangalia na jaketi langu jekundu la mitumba, akasema, "Sawa tu mathe, red pia iko fiti, hatuwezi kukupoteza." Nawaomba mkumbuke hiyo rangi nyekundu.

Tulipoondoka nikagundua jambo ambalo ningeuliza mapema kama ningekuwa na mtu wa kuuliza. Basi lilishika barabara ya Thika. Tukapita Juja, tukapita Witeithie, na hapo mbele nikaona moshi wa viwanda vya kwetu. Masaa manne baada ya kutoka nyumbani, nilikuwa napita karibu na nyumbani. Msichana aliyeketi kando yangu alikuwa na vitu masikioni, hivyo nilicheka peke yangu.

Mang'u hadi Njabini

Tukakata kushoto kuelekea Mang'u, tukapanda polepole hadi penye majani chai. Kutoka Kamwangi kwenda juu baridi iliingia kwa madirisha, na vijana waliokuwa wakiimba wakanyamaza wakajifunika. Tulisimama Magumu watu wajisaidie. Jina la pahali hapo halikunipa onyo lolote. Nilikula mahindi ya kuchoma nikiwa nimesimama, na mwenye mahindi akaniambia kwamba leo Njabini kuna watu, magari yamepita tangu asubuhi.

Nikamuuliza, magari ya mboga? Akasema hapana, magari ya watu kama wewe.

Ilikuwa kweli. Langoni tulikuta mabasi matatu. Kikundi kimoja kikubwa kilikuwa kimevaa fulana nyekundu, kama arobaini hivi. Nilishuka na jaketi langu nikasimama pembeni nikifunga kamba za viatu, na kijana mmoja wa fulana nyekundu akaja akanipa chupa ya maji na ndizi. Nikamshukuru. Nilidhani ni ukarimu. Yeye alidhani mimi ni wa kwao.

Mianzi

Njia inaanza vizuri, kama ya kwenda shamba. Kisha unaingia kwa mianzi, na hapo matope yanakushika kifundo cha mguu kama mtu anayekudai salamu. Mianzi inafunga juu, mwanga unakuwa wa kijani, na katika pahali pengine pangekuwa kimya. Lakini mbele yangu kulikuwa na spika inayopiga muziki, na nyuma yangu spika nyingine inayopiga muziki mwingine. Penye njia nyembamba tulisimama kwa foleni. Ndiyo, foleni, kama ya mshahara. Mtu akiteleza huko mbele, watu ishirini wanangoja, wanapiga picha.

Kuna pahali baada ya mianzi ambapo wapandaji hupaita Kukata Tamaa, kwa sababu unadhani umefika kumbe ndovu bado ana mgongo wote. Wengi wa fulana za machungwa walikaa hapo. Nilitaka kukaa pia, lakini hakukuwa na aliyeniambia njoo ukae hapa, na kukaa karibu na watu wanaocheka bila wewe ni kazi kuliko kupanda. Nikaendelea.

Ndipo nikaanza kutembea karibu na Nyokabi. Alikuwa mwanamke wa hapo Njabini, wa miaka thelathini na kitu, mwenye gambuti na sketi juu ya suruali. Kazi yake ni kubebea wageni mabegi. Siku hiyo alikuwa amebeba begi la waridi la msichana wa kikundi chetu. Hakuongea sana. Alikuwa akiweka mguu mahali na mimi naweka wangu hapo hapo alipoutoa.

Juu

Nilifika kileleni saa tisa. Nitawaeleza vile palivyokuwa. Kuna mawe, kuna kibao chenye jina la mlima, na mbele ya kibao kulikuwa na mstari wa watu wakingoja picha. Kila mmoja alipofika mbele alipiga picha ya kuruka, ya kukaa, ya kunyoosha mikono, kisha akavua jaketi apige nyingine. Mtu mmoja alikuwa amepandisha keki. Nzi mdogo, drone wanaiita, alizunguka juu yetu akilia.

Nilifanya vile Shiru alinifundisha. Niliteremka kidogo upande wa pili nikapata nyasi. Lakini hapo kulikuwa na wapenzi wawili, nikawaachia. Nikaenda mbali zaidi, nikakuta vijana wanaojisaidia. Mwishowe nilikaa nyuma ya jiwe, nikatoa viazi vitamu viwili. Nilikuwa nimebeba viwili kwa mazoea. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hakukuwa na cha kuona isipokuwa weupe. Nikala kimoja, na cha pili sikukiweza.

Nyokabi akanikuta hapo. Mwenye begi alikuwa amelichukua apige nalo picha kisha akateremka mbio na wenzake, kwa hivyo yeye sasa hakuwa na mzigo. Nikampa kile kiazi. Akakila amechuchumaa, akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia sina. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi tushuke, mvua inakuja." Hapo nilitaka kumwambia kwamba nilitoka Thika nikarudi Ruiru nikapita Thika tena ili nije nikae nyuma ya jiwe. Lakini mvua ilikuwa inakuja kweli.

Kushuka

Goti lilikataa mara tu tulipoanza kuteremka. Si kuuma tu, lilikataa kukunja. Nyokabi akakata mwanzi akanipa niwe naegemea, na penye utelezi aliteremka kwanza, akanigeukia, akanipa bega. Vikundi vyote vilitupita. Waliposema "Pole mathe" walikuwa tayari wameshapita. Askari wa msitu aliyekuwa nyuma ya wote alikuwa amembeba kijana aliyeteguka mguu, naye akamwambia Nyokabi anilete polepole, kwa kuwa njia anaijua. Kisha sauti zikaisha. Spika zikaisha. Tukabaki na mvua juu ya mianzi.

Wakati mmoja nilikaa kwenye matope nikasema sitainuka. Sikulia, lakini nilisema. Nyokabi hakunibembeleza. Alisimama hapo mvua ikimnyeshea, akasema ndovu wa kweli hupita njia hii jioni, kinyesi chao si tumekiona njiani. Nikainuka.

Tulifika langoni saa kumi na mbili, mwanga ukianza kuisha. Uwanja ulikuwa mtupu. Mabasi yote manne hayakuwepo, hata askari na yule kijana. Kulikuwa na alama za magurudumu, maganda ya ndizi, na fulana moja nyekundu imekanyagwa kwa tope. Simu yangu ilikuwa imezima kwa baridi. Nilisimama nikiangalia zile alama kama mtu anayesoma barua. Hofu niliyoihisi haikuwa ya kulala nje, maana Nyokabi alikuwa hapo. Niliogopa kwamba lile basi sasa lilikuwa Magumu, watu arobaini ndani, wanaimba, na hakuna hata mmoja aliyegeuka akaangalia kiti.

Kwa Cucu

Nyokabi anaishi na mama mkwe wake, bibi kizee ambaye kila mtu anamwita Cucu, karibu na shamba la viazi lenye ukuta wa mawe. Mume wa Nyokabi yuko Mombasa kwa kazi. Cucu anajua Kikuyu tu, na masikio yake ni mazito. Nilipoingia nikichechemea, nimelowa, Nyokabi akamweleza kwa sauti kubwa kwamba mimi nimeachwa.

Cucu akashika mikono yangu yote miwili. Akaongea kwa muda mrefu, kwa uchungu, akitikisa kichwa. Nyokabi akaanza kucheka akijifunika mdomo. Akaniambia Cucu anauliza huyo mwanaume ana akili gani, kuacha mwanamke wa umri huu kwenye mvua. Nikamwomba amwambie kwamba nimeachwa na basi. Akamwambia. Cucu akasema, mambo ya basi atayajua Mungu, lakini mwanaume asirudi hapa.

Sikumrekebisha tena. Baba Ivy aliniacha miaka kumi na nne iliyopita, na katika hiyo miaka yote hakuna mtu aliyewahi kunishika mikono namna hiyo na kumkasirikia kwa niaba yangu. Watu wa kwetu walisema nivumilie. Kanisa liliniambia niombe. Nilikaa hapo kwa moto, Cucu akiwa ananigombania na mtu ambaye hata hamjui, na ndipo machozi yakatoka, nikasingizia moshi.

Tulikula mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na minji, na chai yenye maziwa mengi. Goti wakalikanda kwa maji moto na chumvi. Simu ilipopata chaji kidogo nikafungua ujumbe wa kikundi. Brayo alikuwa ameandika: "Team yote tumefika Ruiru salama, hesabu imetimia, asanteni sana." Chini yake kulikuwa na picha ya watu wote kileleni. Nikaikuza nikajitafuta. Sikuwemo.

Nikaandika, "Mimi bado niko Njabini."

Wakaanza kujibu. Mmoja akasema, "Hata mimi mathe, moyo umebaki huko." Mwingine akasema mlima huo haumtoki mtu. Watu kumi na mmoja wakaweka vikaragosi vya kucheka na vya moyo. Nikaangalia hayo maneno yakipanda.

Brayo akapiga simu baada ya muda. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akaniuliza kama ninamaanisha niko Njabini, niko hapo, kwa mwili. Nikasema ndiyo. Kisha akanieleza. Aliponiona njiani kati ya watu wa nyekundu, alidhani nimepata marafiki, nitarudi nao. Wale wa nyekundu walipotoka hawakunitafuta kwa sababu kwa orodha yao sikuwepo. Na kijana mmoja wa nyekundu alipanda basi letu ili akae na msichana aliyekutana naye juu. Brayo alipohesabu vichwa, vilitimia.

"Nilihesabu mara mbili, mathe," akasema. "Mara mbili. Nisamehe, sikuhesabu majina." Nikamsikia akilia kidogo. Ni mtoto wa watu, ana umri wa Ivy. Nikamwambia niko mahali pazuri, nimekula, alale. Alitaka kuja usiku huo huo kwa pikipiki nikamkataza.

Kurudi Makongeni

Asubuhi kulikuwa na baridi kali na anga safi. Kutoka kwa mlango wa Cucu niliuona ule mgongo wote, wazi, mweusi, hakuna wingu. Goti lilikuwa limevimba kama kabichi. Nyokabi alinisindikiza hadi stendi akiwa amebeba begi langu kichwani ingawa nilikataa, na Cucu alikuwa amenifungia viazi ambavyo ningeweza kufungulia duka. Tulipofika Nyokabi akaniomba namba yangu na jina langu. Nikamwambia Mama Ivy. Akasema, hapana, jina lako wewe. Nikamwambia Sabina. Akaliandika polepole, akanionyesha kama ameandika sawa.

Nilirudi kupitia Magumu, nikafika Thika saa saba mchana. Nikaingia nyumbani, nikachemsha viazi, nikalala hadi jioni. Ndiyo Jumatatu mliyokuwa mkiniuliza.

Sasa bado jambo moja, nalo lilitokea juzi Jumatano mkiwepo. Mnakumbuka wakati wa chakula simu yangu ililia nikatoka nje hadi penye mapipa, na Mama Kevo akasema nimepata mpenzi? Alikuwa Nyokabi. Aliniambia amepandisha wazee wawili, wamechoka, amewaacha Kukata Tamaa wakipumzika, na yeye ameendelea mbele kidogo.

"Sabina, niko juu," akasema. "Leo hakuna mtu. Hata mmoja. Nimeona nikupigie."

Nikamuuliza anaona nini. Akaniambia anaona bwawa la Sasumua likimetameta, na upande wa kwenu, akasema, naona hata Kilimambogo, kadogo hivi. Kisha akasema nisikize, akainua simu juu.

Kulikuwa na upepo. Upepo tu, mrefu, unaokuja na kwenda kwa nyasi. Niliziba sikio lingine kwa mkono ili mashine zisiniingilie. Kengele ya kurudi kazini ikalia, mkaanza kuingia ndani mmoja mmoja, na mimi nilikuwa bado nimesimama hapo penye mapipa, nasikiza.